Yai la Kipimo na Soda ya Mjomba Wako

Kabambare, mchana wa kuamkia safari yako

Aziza mwanangu,

Umeenda na mama yako kumuaga bibi, na najua mtachelewa, maana bibi yako haagi mtu bila kumlisha mara mbili. Nimebaki peke yangu kwenye meza ya kukatia sabuni. Nimeifuta, lakini karatasi itanuka mawese tu, vumilia. Mambo ya chandarua, ya kandambili, ya kutokunywa maji ya njiani na ya kufunga sanduku kwa kamba mbili, mama yako ameyasema tangu Jumatatu na ataendelea kuyasema hata pikipiki ikiwa imeshawaka. Mimi sitayagusa. Nina neno moja tu, na nimelizunguka siku tatu kama kuku anayetafuta pahali pa kutagia. Nitakupa barua hii mkononi asubuhi, kabla ya chai. Isome kabla ya kupanda pikipiki, si baadaye.

Neno lenyewe ni hili. Kesho utalala Kasongo kwa mjomba wako Amisi, na unamwogopa. Juzi ulipokuwa unakunja nguo nilikusikia ukimwambia mama yako, "Mama, mimi sitakula chakula chake kama sijaona kikipikwa." Mama yako aliendelea kukunja. Mimi nilicheka, kwa sababu kucheka ndiyo njia yangu ya kutoka chumbani bila kusimama. Unamwogopa kaka wa mama yako kwa sababu ya hadithi uliyoisikia kwangu, na hadithi ile ni ya uongo. Mimi nimejua kwamba ni ya uongo kwa miaka miwili.

Ukitaka kukunja karatasi ukasirike kidogo kwanza, kunja. Nitakungoja hapa chini.

Hadithi unayoijua inasema hivi. Mjomba Amisi alikuwa anauza soda kostiki hapa Kabambare, ile nyeupe tunayoiyeyusha majini ili ikutane na mawese tupate sabuni. Akawa anaichanganya na vitu. Baba yako mwerevu akamkamata. Amisi akakasirika, akatia sumu ndani ya gunia, sabuni ikamchoma dada yake mwenyewe mikono. Watu wakaacha kununua kwake, akahamia Kasongo. Ulikuwa na miaka sita, na ulimlisha mama yako bugali tonge kwa tonge kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa. Hilo uliliona kwa macho yako. Mikono ile iliungua kweli. Amisi pia alihama kweli. Udanganyifu na sumu niliviongeza mimi.

Sasa nikuambie ilivyokuwa, na nitajaribu kuandika kama profesa wako wa kemia alivyokufundisha kuandika: kwanza kilichoonekana, halafu kilichodhaniwa, na visichanganywe katika sentensi moja. Kwangu mimi hilo ni gumu. Maisha yangu yote nimevichanganya.

Mimi niliacha shule darasa la tano. Sabuni nilijifunza kwa kumchungulia mzee mmoja wa Nyangwe ambaye hakutaka kunifundisha. Nilijitolea kumpasulia kuni, nikapasua kuni nyingi sana nikiwa nimemgeuzia uso, hata shoka lilikaribia kunikata mguu. Mzee yule hakuwa na mizani wala kipimo cha kioo. Alikuwa na yai. Aliyeyusha soda kwenye ndoo ya maji, akaacha ipoe, akaliweka yai taratibu. Yai likizama, maji ni hafifu. Likielea na kipara chake kikatokeza kwa ukubwa wa kizibo cha chupa ya bia, maji ni sawasawa. Likitokeza zaidi ya hapo, maji ni makali. Ujuzi huo niliubeba hadi Kabambare, nikaoa nao, nikakujengea nyumba nao.

Kila wiki nilichukua yai moja kwa kuku, nikapima, kisha nikalitupa, kwa sababu lililooga soda haliliwi. Mama yako hakupenda.

"Baba Aziza, mutoto anakula bugali na sombe tupu, wewe unaogesha mayai?"

Alikuwa na haki, majani ya muhogo bila kitoweo hayamkuzi mtoto. Nikaamua kuwa na yai moja la kudumu. Nililifuta, nikalilaza katika kopo lenye majivu, nikaliita Profesa, kwa sababu lilikuwa kimya na kila mtu aliyeingia karakana aliambiwa aliheshimu. Labda unalikumbuka. Ulikuwa unaliamkia.

Wiki za kwanza hakuna kilichobadilika. Mwezi wa pili sabuni ikaanza kulegea. Wanawake walikuja nayo mkononi, imepinda kama ndizi. Mimi nilipima, Profesa alionyesha kizibo chake kama siku zote, kwa hiyo maji yangu yalikuwa sawa. Ukiondoa maji, kosa linabaki kwa mafuta au kwa soda. Mafuta nilikamua mwenyewe. Soda aliniletea Amisi. Umeona jinsi nilivyofika upesi? Sikupita pahali popote penye jina langu.

Nikaongeza maji ya soda. Pale nilipozoea kutia bakuli moja, nikatia moja na nusu, halafu mbili. Sabuni ikakaza kidogo, nikaona dawa imepatikana, na nikaanza kumwambia kila anayenunua kwamba soda ya shemeji yangu siku hizi imechanganywa na kitu. Chumvi, nilisema siku moja. Siku nyingine nilisema chokaa. Hakuna aliyeniuliza ni kipi kati ya hivyo viwili.

Amisi aliposikia alileta gunia jipya lililofungwa, akalifungua mbele yangu. Wiki ile ile Profesa alianguka akapasuka. Sitaeleza harufu. Jirani alihama na watoto wake hadi jioni, na mimi niliosha sakafu kwa sabuni yangu mwenyewe, ambayo ilikuwa laini mno hata kwa kazi hiyo. Asubuhi nikachukua yai jipya, bado lina joto la kuku, nikaliweka ndani ya maji ya soda. Likazama kama jiwe. Nikatia soda, likabaki chini. Nikatia tena. Ndoo ile ilikunywa soda karibu mara tatu ya mazoea ndipo kizibo kikaonekana. Mimi nikatikisa kichwa na kusema kwa sauti, ingawa nilikuwa peke yangu, "Angalia soda hafifu ya mtu huyu." Kisha nikamimina bakuli mbili kama nilivyozoea siku zile.

Sabuni ilitoka nzuri, Aziza. Nyeupe, ngumu, ikigongwa inalia. Nilimpa mama yako kipande cha kwanza kama zawadi. Alienda nacho mtoni na nguo za wiki nzima. Aliporudi hakubeba beseni, alikuwa amelisukuma kwa mguu kutoka njia panda, mikono ameinua mbele kama mtu anayeomba. Ngozi ya vidole ilikuwa imelainika na kuteleza, na katikati ya viganja ilikuwa imeondoka.

Sasa angalia akili ya baba yako. Soda ile ile niliyoiita hafifu asubuhi, jioni niliiita sumu. Wala sikuona aibu. Ilipokuwa dhaifu kosa ni la Amisi, ilipokuwa kali kosa ni la Amisi, na kama siku ile ingegeuka sukari ningesema Amisi anataka kututia ugonjwa wa sukari. Wazo lisiloweza kushindwa na jambo lolote ni tamu sana kulibeba, na ukilikuta kichwani mwako linakaa vizuri hivyo, litilie shaka. Mimi sikulitilia shaka. Mama yako, mikono imefungwa, alisema, "Amisi hawezi." Mimi nikamwambia, "Mikono yako ndiyo ushahidi." Mikono ilikuwa ushahidi kweli, lakini ilikuwa inamshuhudia mtu mwingine.

Siku ya soko Amisi alikuja pale wauza mawese wanapopanga bidoni, yale madumu yao ya mafuta. Hakuja kwa hasira. Alikuja na gunia begani, akaliweka chini katikati ya watu, jasho linamtoka.

"Shemeji," alisema, "soda yangu iko muzuri. Tafuta soda ya mutu mwingine, uweke hapa pembeni ya yangu. Upike mara mbili, leo, hapa hapa, mbele ya watu. Yai moja, mafuta moja, bakuli moja. Ibadilike soda tu. Kama sabuni yangu itachoma na ile ingine haichome, munipige mawe."

Soma tena maneno hayo, taratibu. Mtu ambaye hakumaliza hata darasa la nne alisimama katika vumbi la soko na kutamka kitu ambacho wewe umekisoma mwaka mzima kwa chaki ubaoni: badilisha kimoja, vingine vyote viache kama vilivyo, uone. Kama ningekubali, sabuni zote mbili zingechoma, na kila mtu angegeuka kuangalia mkono wangu. Nadhani kuna pahali ndani yangu palipolijua hilo. Watu walikuwa wananitazama. Nikasema:

"Tangu lini panya akachagua mtego wa kumnasa?"

Wakacheka. Mama mmoja muuza mihogo akapiga kofi, "Baba Aziza, umemumaliza!" Na kweli nilikuwa nimemmaliza. Amisi alitutazama kama mtu aliyeuliza njia akajibiwa kwa wimbo. Alibeba gunia lake akaondoka. Hakuna aliyepima kitu siku ile. Nimefikiri sana kuhusu kicheko kile. Watu wakicheka pamoja wanaona kama jambo limekwisha kuthibitishwa, na mwenye ulimi mwepesi hapaswi kuachiwa kesi. Wewe una ulimi wangu. Mama yako anasema hivyo akiwa amekasirika, mimi nasema hivyo nikiwa na hofu.

Baada ya hapo niliendelea na mayai mapya, kila wiki jipya, kwa kuwa la kudumu lilikuwa limenitia kinyaa, na sabuni ya bakuli mbili niliiacha kwa kuogopa. Nikarudia bakuli moja. Sabuni ikawa nzuri. Watu wakasema, "Unaona? Tangu Amisi aende, sabuni imepona." Na mimi nikasema, "Munaona." Wakaanza kuniletea asali niwaambie kama imetiwa maji, na mafuta ya taa niwaambie kama yamechanganywa. Nimekuwa kipimo cha Kabambare nzima. Nilipenda. Hadi leo napenda, ndiyo sababu nimeizunguka barua hii siku tatu.

Halafu miaka miwili iliyopita ulirudi nyumbani na kaye mpya, daftari la shule. Ulikuwa umeandika juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, *masse volumique*, na chini yake ukaeleza kwa Kiswahili ili unifundishe: uzito wa kitu ukigawanywa kwa nafasi kinachojaza. Lita ya maji ina kilo moja. Chenye uzito zaidi kwa nafasi ile ile kinazama majini, chenye pungufu kinaelea. Ukachukua bakuli la maji matupu na mayai mawili, moja la siku ile na moja ulilolikuta limesahauliwa nyuma ya mtungi. La siku ile likazama. La zamani likaelea. Ukaniuliza, "Baba, yote ni mayai. Kwa nini hili linaelea?"

Nilikuambia, "Uliza profesa wako," nikatoka nje. Ulidhani nimechoka. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa karakana nikiona nyota mchana.

Maana mimi sikuwahi hata mara moja kumweka Profesa katika maji matupu. Kama ningefanya hivyo, angeelea pale pale, bila punje ya soda, na ningejua kwamba anachonionyesha si maji, ni uzee wake. Kitu kidogo hivyo. Huko Kasongo mtapewa vipimo vya kioo vilivyochapwa namba, na namba iliyochapwa ina madaraka kama mtu aliyevaa sare. Kipe kwanza kitu unachokijua. Kikikosea hapo, usikipe usichokijua.

Lakini sikutaka kuamini yai lako moja. Nilijiambia labda lile la nyuma ya mtungi lilikuwa na ugonjwa. Kwa hiyo nikafanya peke yangu, kwa siri, kazi niliyopaswa kuifanya sokoni. Nilichukua mayai manne ya kuku mmoja, nikayaandika A, B, C, D kwa kalamu. Siku ya soko nikampelekea yule mnunuzi wa dhahabu anayetoka Lusangi na mizani yake ndogo.

"Kwenu sasa munachimba mayai?" akaniuliza.

"Mgodi ni kuku," nikamjibu, na akapima, kwa sababu alitaka kujua mwisho wake.

Niliyapeleka kila baada ya wiki chache. Yai C mama yako alilikaanga, sayansi ina maadui ndani ya nyumba. Yale matatu yakapungua, yote, mara kwa mara, kidogo kidogo. A lilipoteza karibu gramu tano kwa miezi mitatu na nusu, na ukubwa wake ulikuwa ule ule, nilikuwa nimelizungushia uzi siku ya kwanza. Maji yanatoka kupitia ganda, taratibu, bila kuaga. Nafasi inabaki, uzito unaondoka. Kisha nikatengeneza maji ya soda mara mbili. Mara ya kwanza nikatia soda hadi yai A lionyeshe kizibo, mara ya pili hadi yai la siku ile lionyeshe kizibo. Nikayaacha yote yapoe, nikajaza chupa moja ya lita kwa zamu, nikapima kwa mizani kubwa ya kuazima, nikatoa uzito wa chupa. Ya yai kuukuu yalikuwa kilo moja na gramu themanini. Ya yai jipya yalikuwa kilo moja na gramu mia mbili thelathini. Nilirudia mara tatu, na kila mara sindano ilisimama pembeni kidogo ya ilipokuwa, gramu tano huku, kumi kule. Nikaandika zote tatu kama ulivyonifundisha, nisichague ile inayonipendeza. Haikusaidia. Hakuna hata moja iliyonipendeza.

Kizibo ni kile kile, Aziza, na maji ni tofauti kabisa. Soda ya Amisi haikuwahi kubadilika. Sabuni ililegea kwa sababu yai langu lilizeeka, na ilichoma kwa sababu yai jipya lilisema kweli siku ambayo mkono wangu ulikuwa umezoea kumimina mara mbili. Mikono ya mama yako niliichoma mimi.

Yai lilidanganya bila kujua. Mimi nilijua, nikanyamaza miaka miwili. Hilo ndilo kosa ninalotaka ulione, kwa sababu lile la kwanza angeweza kulifanya fundi yeyote. Nilijipa sababu nyingi. Kwamba Amisi ameshapata maisha Kasongo, anauza unga na chumvi, anaendelea vizuri. Kwamba watu wamesahau. Kwamba nitasubiri nipime tena msimu wa mvua, maana labda unyevu. Nilikuwa mwanasayansi mwangalifu sana ilipofika zamu ya kujishtaki.

Kisha ikaja habari ya masomo yako. Shule yenye kemia ya madarasa ya juu iko Kasongo, na Kasongo hatuna pa kukulaza isipokuwa kwa mtu mmoja. Mama yako hakuniuliza. Alisema tu, akichambua maharagwe, "Aziza atalala kwa kaka yangu. Nimemupigia."

"Amesema nini?"

"Amesema aje."

"Ameweka masharti gani?"

Akaniangalia. "Hakuuliza kitu. Ulitaka aulize?"

Sijui kama mama yako amesoma kaye yangu ya mayai. Iko chini ya kitanda, upande wake. Sijawahi kuwa na ujasiri wa kupima hilo.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nikinyamaza, unakwenda kukaa katika nyumba ya mtu mwema ukimwangalia mikono kila anaposogeza sufuria, na yeye ataona. Nikisema, anaweza kufunga mlango, na atakuwa na haki, na wewe utarudi hapa kukata sabuni na mimi, na kemia itaishia kwenye kaye ile. Nimepima huku na huku hadi nimejichosha. Ningetaka kukuambia kwamba mwishoni niliamua kwa ushujaa. Niliamua kwa sababu muda umekwisha.

Hapa niliacha kalamu. Nimepanda kilimani pale penye rezo ya simu, nimempigia Amisi, nimerudi. Viatu vina tope na maneno bado yanasikika masikioni, kwa hiyo nitaandika yaliyosemwa tu kabla sijaanza kuyapamba.

"Allo, shemeji. Ni Baba Aziza."

"Mutoto iko mugonjwa?"

"Hapana. Mutoto iko muzima. Kesho anakuja. Nataka nikuambie neno kabla hajafika."

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, nilianzia kwa yai nikarudi kwa soda, nikaruka mikono ya dada yake, nikarudi tena kwenye mikono. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yai," akasema.

"Yai."

"Miaka kumi, shemeji. Yai." Halafu akauliza, "Ulijua lini?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema mwezi uliopita. Ulikuwa umekwisha kujipanga. Nikasema, "Miaka miwili."

Nikaangalia telefone. "Rezo iko?"

"Iko. Mimi ndiye ninanyamaza."

"Kama hutaki mutoto alale kwako, sema tu, nitafute pengine." Sina pengine, lakini nilisema.

"Mutoto ana kosa gani? Mutoto aje. Wewe usikuje."

"Nilitaka nimulete mwenyewe. Niombe musamaha mbele yako."

"Mbele yangu? Mimi nilijua tangu siku ile kama sikuweka kitu. Unaniambia mimi nini? Yale maneno ya panya uliyasemea wapi?"

"Sokoni."

"Basi," akasema, na akakata.

Ndiyo yote. Hakusema amenisamehe, usiandike kwamba amesamehe. Hakusema pia kwamba hatasamehe. Alisema mtoto aje, mimi nisiende, na alinikumbusha pahali. Nyumba yako huko iko salama, na chuki yoyote aliyonayo haina anwani yako. Hilo nimelisikia kwa masikio yangu.

Kesho ni siku ya soko. Nitasimama pale kwenye bidoni za mawese na nitasema niliyoyaandika hapa, kwa sauti, bila utani kama nitaweza. Sijui nitaweza. Wengi waliocheka siku ile bado wako, na yule mama wa mihogo bado ana kofi zito. Wengine walikuwa watoto, wataniuliza Amisi ni nani. Nahofia wale zaidi, kwa sababu kwao itabidi nianze na mwanzo.

Nimemwomba motari, yule dereva wa pikipiki, akupitishe sokoni saa tatu, watu wakiwa wamejaa. Amenung'unika, anasema mkitoka saa tatu mvua itawakuta njiani, na yale madaraja ya magogo yakilowa hayana huruma na mtu. Kwa hiyo nimemwambia hivi, na wewe pia nakuambia: mawingu yakiwa yameshuka tangu asubuhi, ondokeni alfajiri, msinisubiri. Lakini kama kuna jua, mwambie apunguze mwendo pale kwenye mawese, ageuke kidogo ili usikie.

Mjomba wako atakuuliza. Labda si siku ya kwanza, lakini atakuuliza. Usinitetee, wala usiongeze neno la kumfurahisha. Ukinikuta nimesimama nasema, mwambie nilichosema na jinsi watu walivyonijibu. Ukinikuta nimesimama kimya, mwambie nilikuwa kimya. Na kama mvua imewatoa alfajiri, mwambie hukuona kitu.

Ninapoandika hivi, mwanangu, mimi mwenyewe sijui ni lipi kati ya hayo matatu utakalofika nalo Kasongo.

Baba yako